Mwiko wa Muoni

Ijumaa, 18 Julai 2025. Bilele, Bukoba

Makala yangu imetoka gazetini. Muuza samaki kaniambia nina mdomo wa pilipili. Asante! Nimekula sato, nimeridhika.

Annastella, binti wa kaka yangu Datius, yuko kwangu. Anafanya utafiti wa fizikia Ulaya. Chembe ndogo mno iitwayo muoni hugeuka elektroni, lakini sikuzote huacha nutrino kama ushahidi. Wao wanasaka chembe mpya itakayoigeuza bila ushahidi huo. Miaka yote, patupu! Amepewa mkataba mwingine, ila Datius hajaridhia, na mtoto haondoki bila neno la baba. Kesho Muleba. Kaka atanitambua!

Jumamosi, 19 Julai. Muleba

Nimeharibu. Nilitumia mfano wa koo: muoni ukoo huu, elektroni ukoo ule, na Annastella anatafuta kinachovusha. Datius akaweka chini rubisi yake, pombe ya ndizi. Ukoo hauvukwi, Klaudia! Wewe umeolewa — umeacha mwiko wa ukoo wetu? Binti yangu anatafuta laana, nawe unamshangilia!

Nikampiga hoja juu ya hoja. Nikashinda zote. Akaenda kulala.

Annastella: Shangazi, umeshinda wewe, nimeshindwa mimi.

Jumapili, 20 Julai

Baada ya misa kaja Kahangwa. Ujanani yeye na Datius walichanjiana udugu wa damu: buni mbili za tunda moja la kahawa, kila mmoja akatafuna yenye damu ya mwenzake. Tangu hapo hawanyimani kitu.

Annastella akauliza kwa upole: Baba, huyu baba mdogo ni wa ukoo gani?

Wa kwao.

Na kwetu ni nani?

Datius akamgeukia Kahangwa. Kisha: ndugu yangu.

Alivukaje?

Kahangwa akacheka hadi akakohoa. Waitu, ndugu yangu Datius, umekamatwa na mwanao!

Na mimi, bingwa wa kubishana, sikuwa nimeliona hilo! Nimefurahi kupitwa.

Datius akauliza: na msipoipata hiyo chembe? Tutajua haipo pale tulipotafuta, akajibu, tutasogea mbele. Datius akatoka, akapotelea kwenye mibuni.

Jumatatu, 21 Julai

Gari la safari linapiga honi barabarani. Mfuko wa senene, panzi wa kukaanga, uko tayari, begi liko mlangoni, Annastella hajaligusa.

Datius kaingia na tunda moja la kahawa, jekundu. Kalimenya. Buni moja kampa binti. Honi tena — ngojeni, nyie! Ya pili iko kiganjani mwake. Anaitazama: akiitafuna, hatamnyima tena binti kitu. Hajaitia mdomoni.