Uwele wa Mzee Kitundu

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, salamu zako zimefika. Huku Iguguno hatujambo, bibi yako anapiga alizeti.

Unauliza kama yule mwanafalsafa mnayemsoma chuoni, aliyesema maisha ni mateso matupu, anafaa kusikilizwa. Nikiwa kijana, jirani yetu Mzee Kitundu alisema hivyohivyo kila siku. Sisi tulipanda mahindi. Yeye alipanda uwele, shamba kubwa kuliko tumbo lake. Nikamtania, "Mzee, kama dunia ni mbaya hivyo, jasho lote hilo la nini?"

"Ndiyo maana napanda. Mahindi yenu yakikauka mtakula nini?"

Yalikauka, nasi tukala kwake. Mpaka leo kila nyumba hapa hupanda uwele pembeni ya mahindi.

Msome huyo wenu, mama, kisha uniambie yeye alipanda nini.

Babu yako