Kwa Fundi Taratibu, Kuhusu Boneti ya Daktari

Baba, leo mwaka umetimia tangu Jumanne ile ulipotuondokea. Majirani walikuita Fundi Taratibu. Wateja wenye haraka walilitamka jina hilo kwa hasira, na waliorudi mara ya pili walilitamka kwa heshima. Sisi tulikuita Baba tu, na hadi leo mtoto wa mtu akiita "Baba!" barabarani, tunageuka wote.

Tunakukumbuka kwa upole wako na kwa ukali wako, maana vyote viwili ulivitumia kwenye jambo moja: rangi nyeusi isikwaruzwe. Gari jeusi ulilisogelea kama mtu anayeingia chumba alimolala mtoto mchanga. Ulivua saa. Ulivua mkanda wenye kifungo cha chuma. Ulivua pete ya ndoa ukampa Mama, naye akaivaa kidole gumba mpaka umalize. Ndoo mbili, moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia. Juu kwanza, chini mwisho, na kamwe si juani. "Chembe moja ya mchanga," ulituambia, "inatosha kuandika barua nzima kwenye mlango wa mtu."

Kuna mteja aliyekuletea gari ambalo boneti yake ilijaa ile mikwaruzo myembamba ya duara inayoonekana juani kama utando wa buibui. Ulilizunguka mara mbili, kisha ukamwuliza, "Ndugu yangu, hili uliliosha au ulilikwangua kama sufuria iliyoungua?" Mteja alicheka mpaka akajishika mbavu. Wewe hukucheka. Ulikuwa umeshaanza kujaza maji.

Binti yako mkubwa, mwalimu, alipokuwa na miaka saba aliandika jina lake kwa kidole kwenye vumbi la mlango wa gari la mteja. Hukumchapa wala hukumfokea. Uliliosha gari lile mbele yake, ukalikausha, ukamshika mkono ukamsimamisha upande wa jua. Jina bado lilikuwepo, jembamba, limeingia ndani ya rangi. "Kidole ni chako," ulimwambia, "lakini mchanga ulikuwa umejificha chini yake." Alilia kuliko ambavyo angelia kwa fimbo. Ukamwacha akae karibu akutazame ukiliondoa jina hilo, herufi moja moja, hadi saa ya chakula ikapita.

Mama hakuwa mtu wa magari. Alikuwa na cherehani yake chumba cha mbele, akishona mapazia na mashuka, na alipenda kukutania kwamba umeoa wake wawili, na mke mkubwa ana matairi manne.

Halafu ikaja sukari, na sukari ikayafuata macho. Mwanzo ulisema taa ya banda lako la kuoshea magari imechoka. Mwanao fundi umeme akakufungia nyingine. Ukasema hiyo nayo ni ya kubahatisha. Akafunga ya tatu, banda likawaka mpaka majirani wakauliza kuna sherehe gani. Siku hiyo Mama alikuwa anakuletea maji ya kunywa, akakukuta unausifu mlango wa gari. "Umeona unavyotakata, bibie?" Akautazama. Ulikuwa na utando wa mikwaruzo kutoka juu hadi chini.

Kesho yake alifunika cherehani kwa kitambaa, akaja bandani, akasema mgongo unamuuma kwa kukaa, anataka asimamesimame kidogo. Ulielewa. Ulimpa tochi.

Kwa karibu miaka miwili yeye ndiye aliyekuwa macho yako. Ulisugua, ukanyoosha mgongo, ukaita, "Bibie, njoo unitazamie." Naye akapitisha tochi kimshazari juu ya rangi, polepole, kama ulivyomfundisha.

"Chini ya kitasa bado."

"Kushoto au kulia?"

"Kulia kwako. Umepita. Rudi kidogo. Hapo hapo."

"Sema mapema basi, mwanamke, nishafika nchi ya pili!"

Hakuna mteja aliyejua. Magari yaliendelea kutoka bandani yakiwa na nyuso za watu ndani ya rangi, kama kioo.

Sasa, Baba, yanayofuata wewe huenda huyajui. Sisi wenyewe hatukuyajua mpaka mwezi uliopita, tulipokaa sebuleni kuandika kumbukumbu hii ya gazeti. Mwanao fundi umeme alipendekeza tuandike, "Fundi ambaye hakuwahi kuharibu gari la mtu." Mama alikuwa anakunja nguo.

"Msiandike hivyo," alisema.

Tulidhani ni haya, kwamba hataki tukusifu kupita kiasi.

"Nimesema msiandike," akarudia, akaliweka chini shati alilokuwa amelishika. Kisha akatueleza.

Lilikuwa gari la daktari wa meno, mteja wako wa miaka kumi na mitano. Miguu yako ilikuwa imevimba, lakini hukutaka kusikia habari ya kulirudisha. Ulilishughulikia siku tatu. Mataulo yako yalikaa kwenye rafu mbili: ya rangi rafu ya juu, ya matairi rafu ya chini. Taulo lililowahi kuanguka sakafuni ulilishusha cheo, ukalitia wino mwekundu pembeni, likawa la matairi maisha yake yote. Kwa kushika tu, yalifanana. Asubuhi ya siku ya tatu Mama aliyakunja yote kwa haraka, kwa sababu jiko lilikuwa linamwita, akayapanga kwenye rafu, akaingia ndani.

Aliporudi ulikuwa umeshaimaliza boneti nzima. Ulikuwa umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, unahema, uso umeuinua upande zilikotoka nyayo zake.

"Bibie, nitazamie."

Akawasha tochi. Boneti yote ilikuwa imekwaruzwa, duara juu ya duara, vibaya kuliko gari lilivyokuja. Akaangalia taulo ulilolishika. Pembeni lilikuwa na wino mwekundu. Alijua ni nani aliyeliweka rafu ya juu.

Mama anasema alizima tochi akakutazama. Jasho lilikuwa limekushukia hadi kidevuni, na miguu yako haikuingia tena ndani ya kandambili. Alijua ukiambiwa utaanza upya saa ile ile. Tena alijua, na hili alitusihi tusilifiche, kwamba aliona aibu.

"Limetakata, fundi," alisema. "Hakuna kitu."

"Kweli?"

"Kweli."

Ulicheka, Baba. Hakuwa amekusikia ukicheka hivyo tangu macho yaanze kukusumbua. Ulimpigia simu dada yako palepale, ukamwambia mkono bado upo. Mchana ulikula ukaomba uongezwe. Mama akakupa na cha kwake.

Daktari alikuja saa kumi, jua likiwa limelala juu ya boneti. Alipiga hatua mbili akasimama. Mama alikuwa nyuma ya mgongo wako, mikono ameifumbata kifuani, anamtikisia kichwa. Daktari alimtazama yeye, akakutazama wewe, akaitazama miguu yako.

"Fundi," alisema, "leo umejishinda mwenyewe."

"Taratibu tu, daktari," ulimjibu. "Taratibu tu."

Kesho yake Mama alikuaga anakwenda kununua uzi. Alikwenda kukaa kwenye foleni ya watu walioshika mashavu, yeye pekee akiwa mzima. Zamu yake ilipofika, daktari akamwuliza, "Jino gani, mama?"

"Si jino, daktari. Ni boneti."

Daktari akavua glavu. "Liache, mama. Nitatembea nalo hivyo hivyo, mimi sina neno."

"Wewe huna neno. Watu watakaoliona watakuuliza nani kakuoshea. Utawatajia nani?"

Daktari akasema geraji ya nyumbani kwake ina kivuli, na funguo ataziacha kwa mlinzi.

Alhamisi ndizo zilikuwa siku zako za kliniki, unatoka asubuhi na mwanao, unarudi mchana. Kwa hiyo Alhamisi ndizo zikawa siku zake. Alikuambia anakwenda kupima mapazia kwa daktari. Alhamisi ya tatu ukaguna, "Hao nao wana madirisha kama shule!" Naye akacheka na wewe, na kicheko kikamchoma.

Kabla ya hapo hakuwa amewahi kugusa rangi ya gari kwa kazi. Alivaa gauni lisilo na kifungo hata kimoja. Alivua bangili na hereni. Mashine yako ya kung'arishia hakuithubutu, maana alikuwa amekusikia mara nyingi ukisema inaunguza rangi ukiikalisha mahali pamoja. Akachukua dawa yako ya kuondolea mikwaruzo, akasugua kwa mkono. Alhamisi ya kwanza alisafisha sehemu isiyozidi sinia, akarudi nyumbani vidole vimekakamaa, ukamwuliza mbona anashika kikombe kwa mikono miwili. Akasema ni mkasi. Ya pili na ya tatu alikwenda akirudi, akisugua, akitazama kwa tochi, akisugua tena, na hapakuwa na mtu wa kumwita aje amtazamie. Ya nne, daktari alilitoa gari nje mwenyewe. Walisimama wote wawili juani. Boneti ilikuwa nyeusi tupu.

"Mama," daktari alisema, "laiti fundi angeiona hii."

Mama alijifunika uso kwa kanga akalia pale uani kwa watu.

Kilichobaki kilikuwa kukuambia. Alisema atakuambia ukipata nafuu. Ukapata nafuu, akaona asikuharibie. Jumanne ile aliamka ameshapiga moyo konde. Aliyapanga maneno jikoni, akayasema kwa sauti ndogo mara tatu mbele ya birika, akianzia na taulo, maana hapo ndipo pagumu. Wewe ulikuwa nje ya banda kwenye kiti cha plastiki, unaota jua. Akatoka na vikombe viwili.

"Fundi, nina neno."

Hukujibu. Alijua ndivyo ulivyo ukitaka mtu aendelee. Akaketi chini karibu na kiti chako, akakueleza yote: rafu, wino, tochi, daktari, mapazia ambayo hakuna aliyeyapima. Alisema akiwa anaitazama miguu yako, kwa sababu usoni hakuweza. Alimaliza. Akangoja umkaripie. Aliona bora hata ungemkaripia.

Alipoinua kichwa ndipo alipojua.

Waliokupokea hospitalini walimwambia ilikuwa ghafla. Ghafla saa ngapi? Hajui kama ulikuwa umeshaondoka alipokuja na vikombe, au uliondoka yeye akiwa katikati ya maneno, au uliyasikia yote ndipo ukaenda. Amejiuliza mwaka mzima na hakuna wa kumjibu. "Ningejua tu kama alisikia," alituambia, "hata kama alikasirika."

Dada yako alikuwa nasi sebuleni Mama alipokuwa akitueleza. Alisimama ghafla. "Wifi! Ulimdanganya kaka yangu siku ile aliponipigia anacheka?"

"Ndiyo, wifi."

Tulidhani nyumba itawaka moto. Shangazi alikwenda hadi dirishani, akarudi, akakaa. "Kicheko kile ndicho ninachokisikia kila siku," alisema. "Ndicho nilichobaki nacho. Sasa nikifanyeje?" Walikaa bega kwa bega, kila mmoja analia yake.

Banda limefungwa, Baba. Wateja wanakuja, wanagusa kufuli, wanaondoka. Mama amerudi kwenye cherehani. Juzi sokoni alimwona dereva anafuta gari jeusi lenye vumbi kwa fulana kavu, akaweka kikapu chini akamshika mkono. "Mwanangu, mwagia maji kwanza. Nakuomba." Dereva alimtazama kama kachanganyikiwa. Lakini maji alikwenda kuchota.

Ameomba aseme mwenyewe hapa, gazetini, mbele za watu. Tumeandika kama alivyotamka, akiwa amekaa kitini, macho kavu:

"Fundi, boneti haikutakata siku ile. Taulo lilikuwa la matairi na aliyeliweka ni mimi. Nilikudanganya kwa kuwa ulikuwa umechoka, na kwa kuwa niliogopa. Nimeirudia kwa mikono yangu. Haina alama. Kama ulinisikia asubuhi ile, basi hii ni mara ya pili. Kama hukunisikia, ndiyo hii."

Unakumbukwa na mkeo, binti yako mwalimu na mumewe, mwanao fundi umeme, dada yako, wajukuu wako wawili, mmoja amezaliwa baada yako, na daktari wa meno, aliyeomba tumhesabu miongoni mwa watu wa nyumbani.

Siku zetu zote, Baba, hatutakusahau.