Siku Mama Alipokosa Ndege kwa Habari za Asubuhi

Mpendae,
Unguja.
3 Juni 1969

Mpendwa dada yangu Mwanakheir,

Shikamoo dada. Naomba waraka huu ukufikie ukiwa na afya, wewe na shemeji Shamsi na watoto hapo Mombasa. Sisi hatujambo, Alhamdulillahi. Mke wangu Tabia alishikwa na mafua makali, sasa amepoa. Masika ya mwaka huu yametukaba. Mbao zangu zimefura zote na karakanani hakukaliki kwa unyevu. Nanyi huko mmeipata mvua kama hii? Na goti lako, bado linakusumbua ukipanda ngazi?

Barua yako nimeipata. Umeniuliza kwa hasira, na haki unayo, kwa nini siku ile nilimrudisha mama nyumbani hali binamu yetu Kificho amesimama kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam anamngoja. Telegramu yangu ya mwisho ilikwambia tu kwamba amepasuliwa salama. Sasa nakueleza yote, ingawa mimi mwenyewe mambo haya bado hayajanikaa kichwani.

Unajua mtoto wa jicho alivyomfunika mama macho yote mawili, ikawa hamtambui mtu ila kwa sauti. Kificho akahangaika mpaka akampatia kitanda hospitali ya Dar es Salaam. Siku ya safari tuliamka na mvua, na redio ikatangaza mvua kubwa na upepo mkali baharini mpaka jioni. Tukenda hivyo hivyo. Kiwanjani karani akatwambia, "Kwa habari tulizonazo sasa, ndege haitoruka." Mimi nikasikia "haitoruka". Ile "sasa" ikanipita.

Mama alikuwa ameroa, anatetemeka. Tabia, aliyekuja kutusindikiza, akanambia, "Mjaka, tungoje kidogo."

"Tungoje nini, na redio imesema, na karani amesema?" Nikaita teksi, tukarudi.

Dada, hatujakaa sana nyumbani, mvua ikakatika. Jua likatoka kama kwamba halijapata kufichwa. Mama akabadilisha nguo, Tabia akamtilia chai. Mara ukapita mvumo juu ya paa. Mama akainua uso.

"Mjaka, hiyo si ndege?"

Nikatoka uani, nikaiona inashika njia ya Dar es Salaam.

"Ndege, mama."

"Yetu?"

Nikarudi ndani. Akataka kuweka kikombe mezani, akaikosa meza, chai ikamwagika yote. Kule hospitali kitanda chake akapewa mgonjwa mwengine, na Kificho ndipo alipokupigia ile simu iliyokuliza.

Kesho yake nilikwenda kiwanjani na hasira zangu. Nilitaka kujua nani kasema uongo, redio au karani. Wakanipeleka ofisi ya hali ya hewa, kwa bwana mmoja mpole aitwaye Sleiman. Meza yake imejaa ramani zenye mistari ya kuzungukazunguka kama alama za vidole. Nikamwambia yaliyonikuta.

"Hakuna aliyesema uongo," akanambia. "Habari uliyoisikia asubuhi ilitokana na vipimo vya usiku. Mchana vikaja vipimo vyengine, tukachora upya, tukaona mvua inapita upesi kuliko tulivyodhani."

Akanieleza kwamba kila kituo, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam, hata meli baharini, hupima upepo na joto na uzito wa hewa, kisha hupeleka habari kwa saa zilizowekwa, usiku na mchana. Kila zikifika, ramani huchorwa nyengine, na ya mwanzo huwa imeshapitwa. Akasema huko Ulaya na Marekani ziko mashine zinazopiga hesabu ya upepo wa dunia nzima, na hata hizo hupewa vipimo vipya kila siku zikaanza hesabu tena.

"Sasa mnamaliza lini?" nikamuuliza.

"Hatumalizi."

Nikamwambia mimi ni seremala. Nikishapima mlango, nimepima. Akacheka. "Na masika mlango wako haufuri?"

"Unafura. Narudi kuuranda."

"Basi na sisi hivyo hivyo."

Nilitoka pale, si kwamba nimeelewa. Mlango ukifura nauona. Hii mvua ya kesho, ambayo asubuhi ipo na mchana haipo, na watu wote wawili ni wakweli, mie dada naishika huku inaniponyoka kule. Kama ya asubuhi ilikuwa kweli, basi sikukosa kumrudisha mama. Na kama sikukosa, mbona ndege ilipita juu ya kichwa changu? Tabia ananambia niache kuwaza. Siwezi.

Kificho hakuchoka. Akawaomba tena wale wa hospitali, wakampatia mama nafasi nyengine. Safari hii niliapa sitoondoka kiwanjani hata wanifukuze. Na kweli, asubuhi wakasema ndege itaruka. Tulipokwisha kupimiwa mizigo, wakasema hairuki, kuna wingu baya upande wa Dar es Salaam. Watu wakaanza kutoka. Nikamshika mama mkono kana kwamba kuna mtu anayetaka kuninyang'anya. Nikawa kila mara namwendea karani, "Zimekuja habari mpya?" mpaka akawa akiniona anajitia kutafuta kitu mvunguni mwa meza. Adhuhuri niliisali pale pale kando ya benchi, sikio moja liko kwa karani, Mungu anisamehe. Alasiri wakatwita, tukapanda. Na mvua, dada, ilikuwa inanyesha! Siku ile ya jua nilikuwa nyumbani, na siku ya mvua ndiyo niliyoruka. Sasa niambie hapo mtu ashike lipi.

Mama hakuogopa hata kidogo. Alisoma Ayatul Kursiy, akalala. Mimi ndiye niliyefika nguo zimelowa jasho.

Walimpasua jicho la kulia kwanza. La kushoto wamesema baadaye. Siku ya kufunguliwa bandeji tulikuwepo mimi na Kificho. Mama akatazama dirisha, akamtazama nesi, kisha akanitazama mimi muda mrefu.

"Wewe nani?"

"Mimi Mjaka, mama."

"Mjaka mwanangu hana mvi."

Kificho akaangua kicheko. Mie nikamsogelea. Mama akafumba jicho, akanipapasa uso kama alivyozoea wakati haoni, pua, masikio, kovu la kidevuni. Akalifumbua tena, akaanza kulia taratibu.

"Kumbe umekuwa mtu mzima hivi, na mimi nipo."

Tumerudi Unguja wiki iliyopita. Anatembea peke yake mpaka kwa jirani, na anamwambia Tabia sufuria hazijatakata. Mimi siku hizi redio naisikiliza asubuhi, mchana na jioni, na sijazidi kujua kitu. Jana ilisema kutakuwa kukavu, nikaanika mbao, zikaroa.

Liko jambo moja nalo sijui nilifanyeje. Tulipofika tu, mama aliomba ile picha yako ya harusi iliyoko chumbani kwake. Akaisogeza karibu na dirisha, akaitazama sana, kisha akanirudishia. "Huyu ni mtoto," akasema. "Mwanakheir wa sasa yukoje?"

Nikafungua kinywa kumjibu, dada, nikaona sijui. Tangu uondoke na mimi sijakuona. Ukiweza, njoo. Usipoweza, nenda kwa mpiga picha hivyo ulivyo, usijipambe, utuletee.

Nisalimie shemeji Shamsi, mpwa wangu Fatma na wadogo zake, na jirani yenu Bi Bahiya kama bado yupo. Tabia anakusalimu sana. Mama anakuombea dua kila sala, nami naitikia: Mungu akuhifadhi, akupe siha, atukutanishe kabla ya jicho la pili.

Mimi nduguyo akupendaye, mwenye mvi,

Mjaka