Mkanda wa Kugeuza

Lae, 9 Februari 2011

Mama mpendwa,

Shikamoo. Shingo inaendeleaje? Mimi ni mzima, ila joto la huku Lae linanimaliza.

Kaka Bomai ameniambia muuguzi amekukataza kubeba mfuko wa bilum kwa mshipi wa kichwani, eti mzigo mmoja mzito tu unaweza kuufanya mkono wako ufe ganzi. Na kwamba shamba umeacha, unashinda jikoni ukitazamana na nguruwe. Nililia, kisha nikaingia karakana ya chuo.

Nimekutengenezea mkanda. Kata ule mshipi wa bilum yako kubwa, ufunge huu mahali pake. Upande mmoja ni laini, mwingine ni mgumu. Ule mmoja ukilowa jasho unaugeuza. Bizimu lake lina vijiti vitatu: mkanda unapita juu ya cha kwanza, unazunguka cha kati, unarudi. Vuta huku unafupika, vuta kule unarefuka. Unapita begani na kushuka kifuani, shingo haiguswi kabisa.

Niambie unavyokaa. Nataka kujua kila kitu.

Mwanao,
Elisa

*

Gembogl, 2 Machi 2011

Mwanangu Elisa,

Salamu kutoka kwenye baridi. Baba yako hajambo, anakusalimu huku anatafuna. Mtoto wa Bomai, Kuande, ameota meno mawili. Shingo ni ileile.

Mkanda nimeupata. Lakini kukata mshipi wa bilum niliyosuka kwa mikono yangu, hilo usinitume tena. Nimeufungia juu yake. Bizimu nimelifungua na kulifunga mpaka baba yako akauliza kama kuna kitu nimekipoteza ndani. Nilitaka kuona ni nini kinachozuia mkanda usikimbie. Kumbe hakuna jino wala gundi, uzito wa mzigo wenyewe ndio unaoubana! Nilicheka peke yangu.

Basi Jumamosi nikautoa, nikaugeuza upande laini, nikaurudisha, nikajaza viazi. Karibu na kanisa mkanda ukachomoka. Viazi vikabingirika mpaka mlangoni kwa katekista. Nimekosea wapi?

Kisha kuna jambo jingine, na hili bizimu halihusiki. Jirani yetu Monika alipaza sauti njia nzima: "Mama Bomai, umekuwa mwanamume tangu lini? Ndevu zinaota lini?" Umesahau kuwa huku wanaotundika bilum begani ni wanaume? Mwanamke hubeba kwa kichwa, mshipi kwenye paji la uso na mzigo mgongoni. Siendi shamba nikachekwe. Heri nibaki na nguruwe wangu.

Mama yako

*

Lae, 13 Machi 2011

Mama,

Shikamoo, na pole sana kwa viazi. Kosa ni langu. Ulipougeuza, mkanda uliingia kinyume, ukalala tu juu ya vijiti bila kubanwa. Ndani ya kifurushi hiki kuna bizimu jipya, nimekikwaruza kijiti cha kati kote kote. Sasa uingize mkanda utakavyo, litaung'ata.

La Monika sikuliwaza hata kidogo. Hapa mjini sisi wasichana wote tunatundika begani, nikasahau. Sina bizimu la kuziba mdomo wa mtu. Ila usirudishe mzigo kichwani kwa siri, Mama. Nakujua.

Mwanao,
Elisa

*

Lae, 28 Aprili 2011

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Bomai naye hapokei simu. Umebeba kichwani? Mkono unausikia? Mwambie mtu yeyote aniandikie, hata mstari mmoja.

Elisa wako

*

Gembogl, 16 Mei 2011

Mwanangu,

Acha kulia, mkono ninaoandikia ndio huohuo. Nilichelewa kwa sababu kutwa nzima niko shambani.

Bizimu lako jipya nililijaribu kwa kumning'iniza nguruwe mdogo, upande huu na upande ule. Yeye alipiga kelele, bizimu likatulia tuli. Lakini begani sikuthubutu kuweka. Nikaitundika bilum ukutani.

Siku moja baba yako akaitazama. "Hii ni ya begani?"

"Ndiyo, kama zenu."

"Basi Monika kasema kweli. Ni ya mwanamume."

Nikajua ananicheka. Akaurefusha mkanda mpaka mwisho, maana tumbo lake unalijua, akaivaa. "Haya, twende shamba."

Elisa, huyu mtu hajabeba hata kiazi tangu anioe, maana huku viazi ni mzigo wa wanawake! Siku ya kwanza alirudi na vichache vya kujazia sufuria. Siku hizi anaijaza mpaka juu. Monika akamuuliza, "Mzee, kunyonyesha unaanza lini?" Akamjibu, "Mlete mumeo, tunyonyeshe pamoja." Monika ameingia ndani, hajatoka.

Mimi natembea nyuma yake mikono mitupu, sijui hata niiweke wapi. Miaka yote hiyo njia niliijua kwa vidole vya miguu yangu, maana ukibeba kwa kichwa unatazama chini. Juzi niliinua uso. Kumbe juu ya kanisa kuna maporomoko ya maji! Meupe, marefu. Nilisimama nikasahau kutembea. Nikamuuliza baba yako yalianza kuanguka lini. Alinitazama sana, kisha akasema, "Yalikuwepo siku niliyokuoa."



Nitengenezee mkanda mwingine, mfupi, wa kwangu mimi. Nataka kumbeba Kuande begani nikamwonyeshe yale maji. Monika akitaka kucheka, na acheke.

Mama yako