Kibali cha Anaeli

Jumatatu, 1 Julai 1996

Vidonge saa moja. Chai bila sukari. Miguu imevimba kuliko jana, viatu havikuingia, nikavaa ndala na soksi. Kisha Elia akaja kutoka Kijenge na mteja wake, wakalichukua gari.

Hakuniuliza. Alinijulisha. "Baba, gari hili linakunywa pensheni yako yote. Mara moja kwa wiki kwenda kliniki, halafu linalala." Mteja ni fundi wa Levolosi. Atalikata auze vipuri. Alilipigapiga mlango kwa kofi kama anayepima ng'ombe mnadani.

Eti kuanzia sasa nitakwenda kliniki kwa mkokoteni wa punda, kwa sababu unapita hapa Kikwe kila Jumatano kupeleka mazao soko la Tengeru, na hospitali iko njiani. Elia amekwisha kupatana na mwenyewe. Nikauliza ni nani. Ni Mwalimu Anaeli.

Nimekasirika. Mwanangu anadhani ni kwa ajili ya gari.

Jumatano, 3 Julai

Alifika saa moja kamili. Punda wawili, magunia manne ya mahindi, na Anaeli mbele na mguu wake mbovu ameunyoosha pembeni. Mguu huo ni wa polio, tangu utoto.

"Shikamoo, Bwana Afisa! Panda. Hii haili petroli, inakula majani." Akacheka mwenyewe. Miaka minane tangu nistaafu uafisa elimu, bado ananiita Bwana Afisa.

Mwendo wa saa moja na nusu hadi hospitali. Kila jiwe nililihisi mgongoni. Baridi ya Julai, Meru wote umefunikwa na wingu. Alikuwa ameniwekea blanketi juu ya gunia. Blanketi safi. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Daktari kijana alisema moyo umechoka. Nikamuuliza utachoka mpaka lini. Akatazama karatasi zake. Nimeelewa.

Ijumaa, 5 Julai

Niandike sasa, wakati mkono bado unaandika.

Mwaka 1982 nilikuwa katibu wa kamati ya kugawa vibali vya magari kwa watumishi. Wakati ule hata ukiwa na fedha hununui gari bila kibali. Kwa walimu wa wilaya nzima kilikuja kimoja. Kamati ilimpa Anaeli. Alikuwa anafundisha shule ya juu kabisa mlimani, anapanda kwa mguu ule kwenye matope, na kaka yake aliuza ng'ombe wote kumchangia. Hakuna aliyepinga. Hata mimi niliinua mkono.

Kisha nikarudi ofisini, nikaandika kwenye faili: Mwombaji amejitoa kwa hiari. Jina la pili kwenye orodha lilikuwa langu, nikapata gari lile alilouza Elia.

Anaeli aliambiwa karatasi zimepotea Dar es Salaam. Walimu wenzake walisikia kwamba amejitoa, wakasema amekiuza kibali kwa mfanyabiashara. Mke wake, Mama Penueli, akasikia hivyo hivyo. Akauliza fedha za kibali ziko wapi. Hazikuwapo. Akaamini zimeliwa na mwanamke mwingine.

Mimi nilikaa kimya. Hapana, huo ni uongo. Walimu walipokuwa wakimcheka ofisini kwangu, nilicheka nao.

Na leo? Leo magari yaliyotumika Japani yanashuka bandarini kama viazi. Mwenye hela ananunua. Hakuna anayemuuliza kibali. Nilimmaliza mtu kwa karatasi ambayo sasa haifai hata kufungia karanga. Nawakasirikia waliotunga vibali, nawakasirikia waliovifuta. Ujinga mtupu. Mkono ulioandika ni wangu.

Jumatano, 10 Julai

Nilipanga kumwambia tukifika mtoni. Tukavuka mto. Nikapanga tukifika lami. Tukafika lami.

Yeye alikuwa anaongea. Kuhusu punda, kuhusu mvua. Akasema anaongea na punda kuliko na mke wake. "Hawa wakikasirika wanapiga teke, yanaisha. Yule mwenzangu mwaka wa kumi na nne huu, chakula ananitengea, neno hanipi."

Alisema kama utani. Nilitazama magunia.

Mwoga. Mzee mzima, shahada, suti tatu kabatini. Mwoga.

Jumapili, 14 Julai

Mchungaji alikuja kunipa Chakula cha Bwana nyumbani. Nilikataa. Akauliza kama nina mtu sijapatana naye. Nikamwambia aende, nimechoka. Elia aliona aibu, akamsindikiza hadi njiani akiniombea radhi. Nilimfokea aliporudi. Kisha nilipumua kwa shida kama nusu saa.

Jumatano ijayo. Siyo mtoni wala kwenye lami. Nikishapanda tu.

Jumatano, 17 Julai

Nimemwambia.

Mita mia mbili hivi kutoka kwangu, kabla ya njia panda ya kwake. Nilisema kwa mpangilio, kama taarifa. Faili, maneno niliyoandika, jina langu. Nilipomaliza alisimamisha punda. Alikaa amenipa mgongo. Nilisubiri anipige, ningefurahi.

Alishuka. Akawafungua punda. Nguzo ya mbele ya mkokoteni akaiegemeza kwenye gogo, akaitikisa kuona kama imekaa imara nisianguke. Ndipo akasema:

"Mimi nilikuwa najua sikukiuza. Sasa unaniambia mimi ili iweje?"

Akaondoka na punda, akichechemea.

Nikabaki njiani juu ya mkokoteni usio na punda. Kushuka siwezi. Wanawake wa soko walipita na mizigo kichwani. Shikamoo babu. Marahaba. Shikamoo babu. Marahaba. Mmoja akasema, "Babu, punda wameomba likizo?" Wakacheka mpaka konani. Hasira ilinijaa, kisha ikakosa pa kwenda.

Baada ya muda mrefu akaja Mama Penueli. Peke yake, jembe begani, udongo mikononi. Alisimama mbali kidogo.

"Shikamoo, shemeji. Amesema una neno la kuniambia."

Taarifa yangu yote ilipotea. Nikasema, hakukiuza. Ni mimi nilikichukua.

"Sema tena."

Nikasema.

"Tena."

Nikasema mara ya tatu. Sauti haikutoka vizuri, akasogea karibu asikie. Uso wake sitauandika. Alitazama magunia, akatazama miguu yangu, kisha akageuka akaenda. Jembe alilisahau njiani.

Saa sita Anaeli alirudi na punda. Akalichukua jembe, akaliweka juu ya magunia. Akanirudisha nyumbani. Kliniki sikwenda, na soko hakwenda.

Alhamisi, 18 Julai

Nimemweleza Elia. Alitoka nje na kukaa kwenye ngazi. Jioni alisema Jumatano atanikodia teksi. Nikamwambia hapana. Anaeli asipokuja, siendi.

Sijalala vizuri. Moyo unapiga vibaya. Sijutii kusema. Najutia miaka.

Jumatano, 24 Julai

Saa moja kamili nilisikia magurudumu.

Hakunisalimu. Alinisaidia kupanda, akanifunika blanketi. Mama Penueli alikuwa amekaa mbele na kapu la parachichi za kuuza sokoni. Tukaondoka.

Njia nzima waliongea Kimeru. Bati linavuja upande wa jikoni. Penueli ameandika barua kutoka Moshi. Parachichi mwaka huu ni ndogo. Wakati fulani mama alimkatiza, akasema siyo hivyo, naye akakubali siyo hivyo.

Mimi hawakunisemesha. Nilikaa nyuma, katikati ya magunia, nikisikiliza.