Neno Nililolisema Darasa la Sita

Mugonile, Tata. Shikamoo, Baba.

Nimejaribu kukuandikia mara mbili, nikachana. Hii sitaichana, kwa sababu Alhamisi napanda ndege kurudi nyumbani, na kuna jambo unapaswa kulisikia kwangu kabla sijasimama mbele ya watu.

Niko Ujerumani, mwaka wa pili sasa, nasomea uuguzi. Naishi na msichana wa Kifilipino, Marisel, mtu wa vicheko, anapika wali hata asubuhi. Jumamosi moja mchana, mvua ikinyesha, aliniita tutazame filamu anayoipenda tangu akiwa sekondari. Ni ya kijana mnyonya damu anayempenda msichana wa shule. Kijana mzuri, mweupe kama sembe, hazeeki. Kila alipotokea, Marisel alikumbatia mto na kusema, "Mwangalie, Tumpe. Nani asingempenda?"

Mimi nilikuwa naangalia ukungu. Mji wao una ukungu na misitu na barabara ya utelezi, kama kwetu Lufingo mwezi wa sita. Na ndani ya ukungu ule nilikuona wewe, unasukuma pikipiki, boksi la sampuli limepasuka, jicho moja halifunguki. Nikainuka, nikamwacha Marisel na filamu yake.

Maana mnyonya damu yule anapendwa na wasichana wa dunia nzima. Wewe uliyechukua tone moja kwenye ncha ya kidole, upime malaria, ulipigwa mawe.

Na walioanzisha si wale waliorusha mawe, Baba. Nilianzisha mimi.

Nilikuwa darasa la sita. Atupele, rafiki yangu, alitoka kwa shangazi yake kule Tukuyu, mtaa wa Bagamoyo, ambako alitazama filamu ya watu wanaokunywa damu. Wiki nzima wasichana walimzunguka yeye tu. Nilimwonea wivu. Siku moja tukimwagilia bustani ya shule nikasema, "Hiyo ni filamu. Baba yangu anavyo vichupa vya damu nyumbani, kwenye boksi la barafu. Gari linakuja kuvichukua." Hapo nilisema kweli. Wakanigeukia wote. Nikaona raha, nikaongeza, "Vingine anavijaza watu wakiwa wamelala."

Hayo tu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Yaliyofuata uliyaona mwenyewe, ila hukujua yametoka wapi. Mama Gwakisa, jirani yetu, aliacha kutuletea maziwa. Akina mama walikuona kwa mbali wakawavuta watoto ndani. Mwanzoni ulicheka. Jioni ukimsaidia mama kumenya ndizi ulisema, "Leo nimekaa zahanati peke yangu kama mlinzi." Nami nilikuwa palepale, daftari magotini, mdomo nimeufunga. Kila siku nilijiambia nitasema kesho. Ikafika siku ile, saa tisa alasiri, mtu akapiga filimbi katikati ya mashamba ya chai, wanaume wakatokea kwenye ukungu.

Uliishi siku nne. "Usiwachukie," uliniambia pale hospitali. "Mtu akiogopa, hakuoni." Tukakuzika migombani, nyuma ya jiko, na mimi nikaimba na watoto wenzangu wa kwaya. Niliimba vizuri. Watu walinisifu.

Baada ya filamu ile nilimpigia mama, nisikie sauti yake tu. Hakuniuliza habari za huku. "Mdogo wako kapangiwa kijiji cha Matwebe," alisema. "Jumatatu anaanza kupima watoto damu. Jana sokoni mtu kamwuliza kama yeye ndiye mtoto wa yule."

Lusajo, Baba. Ulimwacha darasa la pili. Amesomea maabara, na mama anasema hata anavyonawa mikono ni wewe.

Siku hiyohiyo nilirekodi sauti, nikaituma kwenye kundi la kijiji la WhatsApp. Nilitaja jina langu, bustani, vichupa, uongo wangu. Walisikiliza wote. Kisha Atupele akaandika, "Mimi ndiye niliyelipeleka neno hilo kwa mama yangu. Tumeishi nalo wote wawili." Nikalia, nikahisi mwili mwepesi. Haukupita muda, mtu nisiyemjua akaandika, "Yuko Ulaya? Kumbe ndiko damu inakopelekwa." Watu kumi na mmoja wakamwekea dole gumba.

Nilimsihi Lusajo asiende. "Dada, watoto wana homa," alinijibu. "Homa haingoji watu watulie." Alikwenda. Milango ilikuwa imefungwa, moshi ukitoka majikoni. Alirudi bila tone hata moja. Hakuna aliyemgusa. Ila wakati anaondoka, wanaume walikuwa wamesimama pande zote mbili za njia, wakimtazama mpaka alipokata kona. Wiki ijayo anarudi kulekule.

Nimeomba ruhusa chuoni. Marisel alinisaidia kufunga sanduku, nikamweleza yote. Akaniuliza kama siogopi. Naogopa, Baba. Neno la mtoto lilikuua. La mtu mzima sijui lina nguvu gani.

Nikifika nitapiga magoti kwa mama kwanza, maana tangu asikie ile sauti yangu hajapokea simu. Kisha nitakwenda Matwebe na Lusajo. Nitakaa kwenye kiti mahali ambapo kila mtu ananiona, niwe wa kwanza kutoa kidole nipimwe, nilitaje jina lako na kazi uliyokuwa ukiifanya. Wakiondoka, wawe wamelisikia. Wakiokota mawe, waanze na mimi.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Nakuahidi hili moja: Lusajo hatapita njia ile peke yake.

Pumzika, Tata.

Mwanao,
Tumpe