Ndiyo ya Mugonjwa

Mujukuu wangu Odile,

Huku Kamina tuko salama. Mama yako iko muzuri, na mujomba wako alileta samaki wa kukauka kutoka ziwa Kisale. Tumekuwekea wako.

Unaandika kwamba pale lopitali unapojifunza kazi, kila mugonjwa unayemuuliza kama anakunywa dawa anajibu ndiyo, lakini haponi. Unauliza kama bantu banakudanganya. Hapana. Hata minyi mwenyewe nilijibu ndiyo.

Nilikuwa kijana, kifua kinanisumbua. Munganga wa lopitali aliniambia ninywe dawa asubuhi, midi, saa sita ya muchana, na mangaribi, kisha kula, tumbo likiwa na chakula. Kwetu kwenye kampi ya reli bukari, ugali wetu, ilipikwa mangaribi tu, baba akitoka kazini. Basi nilikunywa dawa mangaribi tu, vile alivyosema.

Aliponiuliza kama ninakunywa, nilijibu ndiyo. Alipoona vidonge vimebaki vingi, alinigombeza mbele ya bantu bote: "Weye iko kichwa nguvu. Haukusikia?"

Nilimuangalia usoni. "Nilisikia, munganga. Ulisema kisha kula. Sasa uniambie midi nitakula nini."

Mama mumoja nyuma yangu kwenye mustari akafungua fundo la kitenge chake, akaweka mezani vidonge vyake vilivyobaki. Mwingine naye akaweka. Munganga akakaa, akaanza kutuuliza moja moja tunakula wakati gani.

Kichwa nguvu njo jina langu mpaka leo, na silirudishi. Weye pia uulize kwanza moto wa kupika unawashwa wakati gani kwa mugonjwa. Mukubwa wako wa kazi akikasirika, umwambie aje Kamina. Niko hapa.

Nkambo yako